Mapacha wa kondo moja: kwa nini mimba yao huitwa hatarishi

Habari za mapacha zikitoka, ndugu na majirani huuliza: wanafanana? Daktari hana haja na hilo. Anachotaka kujua ni kama kila mtoto ana kondo lake au wanachangia moja. Kondo la nyuma ndilo linalojishika kwenye ukuta wa mji wa mimba na kumlisha mtoto kupitia kitovu. Wakiwa na makondo mawili, mama atahudhuria kliniki kama mjamzito wa mapacha. Wakichangia moja, kadi yake inaandikwa "mimba hatarishi" siku hiyohiyo, hata kama watoto wote wawili wanacheza vizuri tumboni.

Neno hilo huwanyima wazazi usingizi, na kwa maoni yangu hutamkwa haraka mno kisha mama anaambiwa apishe anayefuata. Halisemi kwamba watoto wanaumwa. Linasema kuna mambo yanayoweza kuharibika kimyakimya, kwa hiyo mtu awe anachungulia mara kwa mara. Jambo linaloogopwa zaidi, damu ya mtoto mmoja kuhamia kwa mwenzake kupita kiasi, hutokea katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za mapacha wa kondo moja wenye chupa mbili, yaani kila mtoto na mfuko wake wa maji. Wengi hawalioni, lakini kwa kuwa hakuna anayejua litampata nani, wote wanafuatiliwa.

Mapacha hawa hutokana na yai moja lililogawanyika, na siku ya kugawanyika ndiyo inayoamua kila kitu. Likigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake na chupa yake. Kati ya siku ya 4 na ya 8, watachangia kondo lakini kila mmoja atakuwa na chupa yake ya maji. Likichelewa zaidi, watakaa chupa moja, na hapo vitovu vinaweza kusokotana. Ndiyo maana wapo mapacha wanaofanana kama sura na kivuli chake kiooni, lakini walikuwa na makondo mawili. Na mama asijitafute kosa: si alichokula, si mzigo alioinua, wala si ukoo. Mapacha wanaofuata ukoo ni wale wa mayai mawili.

Wakati mzuri wa kujua ni wiki ya 11 hadi ya 14, kwa altrasaundi. Mpimaji hutazama pale pazia linalowatenganisha watoto linapogusa kondo. Pazia jembamba linalotua wima kama herufi T ni dalili ya kondo moja. Likiwa nene na kutanuka chini kama pembetatu, ni makondo mawili. Baadaye alama hizi hufifia, na makondo mawili yaliyokaa jirani huweza kuonekana kama moja. Kwa hiyo jibu liandikwe kwenye kadi mapema, na lisipoandikwa, ulizeni.

Sasa hatari yenyewe. Ndani ya kondo la pamoja, mishipa ya damu ya watoto huwa imeungana. Damu ya huyu inapita kwa yule na ya yule inarudi kwa huyu, na mara nyingi hesabu inalingana. Ikiacha kulingana, mmoja anakuwa mtoaji na mwenzake mpokeaji. Mtoaji, damu ikimpungukia, hukojoa kidogo sana, na kwa kuwa maji ya chupa kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto, chupa yake hukauka. Mpokeaji hujazwa kupita kiasi, hukojoa mfululizo, na moyo wake huchoka kusukuma damu isiyo yake.

Kwenye skrini huonekana hivi: upande mmoja mtoto anaogelea kwenye giza pana la maji, upande wa pili mwenzake amebanwa ukutani, pazia limemnata mwilini kama nailoni iliyolowa. Mpimaji anatafuta kibofu chake, kile kidoa cheusi tumboni, na hakioni. Wiki za katikati ya mimba, kina cha maji kikiwa chini ya sm 2 upande mmoja na zaidi ya sm 8 upande wa pili, ugonjwa huu wa damu kuhama umethibitika. Daktari Rubén Quintero na wenzake waliupanga katika hatua 5 mwaka 1999.

Ukitokea mapema na kuwa mkali, bila tiba watoto wengi hupotea. Tiba ni kuingiza kamera nyembamba ndani ya mji wa mimba na kuichoma kwa leza ile mishipa iliyoungana. Daktari Julian De Lia wa Marekani alianza kuifanya mwaka 1988, na utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa inashinda njia ya kupunguza maji kwa sindano. Si kila mara watoto wote wawili huokoka. Hospitali zinazoifanya ni chache, kwa hiyo muulizeni daktari mapema angewapeleka wapi ikibidi.

Kuanzia wiki ya 16, kipimo ni kila baada ya wiki 2. Kipimo kikiwa kizuri, nyumba hupumua siku tatu nne, kisha hofu inaanza kupanda tena. Wapo wanaokataa kununua hata shati moja la mtoto, na wapo walioficha habari kwa wakwe. Sioni la kuwalaumu. Kulala kitandani miezi mizima, ambako mashangazi wengi hukushauri, hakuuzuii ugonjwa huu. Kinachosaidia ni kutosubiri tarehe pale tumbo linapovimba ndani ya siku chache, ngozi ikakaza, pumzi ikawa fupi. Wengi husema, "Nilidhani ndivyo mapacha walivyo." Nendeni siku hiyohiyo.

Mimba ya kondo moja na chupa mbili ikienda bila tatizo, watoto huzalishwa wiki ya 36 hadi ya 37. Wa chupa moja hutolewa mapema zaidi, wiki ya 32 hadi ya 34, kwa upasuaji.

Baba asikae kwenye benchi akishika mkoba tu. Aingie na daftari, aandike maji ya kila mtoto, uzito wa kila mtoto, na nani yuko upande gani, maana mama akiwa amelala pale huyasikia maneno nusunusu. Na kabla mashine haijazimwa aulize: vibofu vyote viwili vimeonekana?