Watoto wadogo katika kambi ya utafiti wa wanyamapori: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Hatari kubwa kuliko zote ni simba, chui na nyoka.

Mtafiti akitangaza kwamba anahamia nchi nyingine na watoto wa miaka miwili na minne, jamaa huuliza kwanza kuhusu wanyama. Wangeuliza kuhusu gari. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na maisha ya kambini ni maisha ya barabarani: vumbi, mashimo, dereva aliyeamka saa tisa usiku. Magari mengi ya miradi ni ya zamani, na nyuma yana mabenchi ya pembeni ambayo kiti cha mtoto hakiwezi kufungwa kwa usalama. Omba picha za viti na mikanda kabla hujasafiri. Beba kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, kwa kuwa vile vinavyotegemea vishikizo vya ISOFIX (vyuma vilivyojengwa ndani ya viti vya magari mapya) havina pa kushika katika gari la aina hiyo. Mtoto mdogo aangalie nyuma hadi afikie kikomo cha uzito au urefu wa kiti chake. Safari za usiku na mtoto ziwe za hospitali tu.

Wanyama nao hawapuuzwi, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Kitu kidogo kinachokimbia huamsha hamu ya kuwinda ya paka wakubwa, kwa hiyo alfajiri na magharibi mtoto awe umbali wa mkono kutoka kwa mtu mzima. Mkikutana na mnyama wa aina hiyo, mnyanyue mtoto bila kumpa mnyama mgongo. Tena mnyama aliyezoea watafiti si mpole. Ameacha tu kuogopa. Huko Gombe, hifadhi ya sokwe mtu nchini Tanzania, mwaka 2002 sokwe mtu aliyezoea watu alimnyakua mtoto mdogo na kumuua. Miongo kadhaa kabla ya hapo, mtafiti wa sokwe mtu Jane Goodall alipokuwa akimlea mwanawe Gombe, mtoto huyo alikingwa kwa chumba cha wavu kwa sababu hatari hiyo ilikwishajulikana.

Dhana: Kwa malaria, mtoto mdogo anategemea chandarua peke yake, au anapewa nusu ya dawa ya mzazi.

Dozi ya kinga hupimwa kwa kilo, haikadiriwi kwa kukata kidonge. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili una kidonge cha watoto cha miligramu 62.5 na 25: kimoja kwa siku kwa mtoto wa kilo 11 hadi 20, viwili kwa kilo 21 hadi 30, vitatu kwa kilo 31 hadi 40. Huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria na kuendelea siku 7 baada ya kutoka. Kimezwe pamoja na chakula au maziwa. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, arudiwe dozi. Meflokwini hutolewa mara moja kwa wiki, kuanzia wiki mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kutoka, lakini haimfai mwenye historia ya degedege au matatizo ya akili. Doksisaikilini si ya mtoto aliye chini ya miaka 8. Daktari wa afya ya wasafiri ndiye achague, na mtoto apimwe uzito upya kila baada ya miezi michache. Ukikaa mwaka mzima atavuka kundi la kilo, na dozi ya jana itakuwa ndogo.

Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET ya asilimia 10 hukinga kwa takriban saa mbili, ya asilimia 30 kwa takriban saa tano. Haipakwi mtoto wa chini ya miezi miwili, wala viganjani, maana vinaishia mdomoni. Mafuta ya mikaratusi-limau, ambayo wengi huyadhani salama kwa kuwa "ni ya asili", hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Hata hivyo hakuna kinga ya asilimia mia. Homa yoyote kwa mtoto katika eneo la malaria ipimwe siku hiyo hiyo. Vipimo vya haraka huhifadhiwa, kwa kawaida, kati ya nyuzi 2 na 30 za selsiasi, na hema lililopigwa jua hupita hapo kabla ya saa sita mchana. Kipimo kilichoharibika kwa joto huweza kukuambia hakuna malaria wakati ipo. Homa ikiendelea, rudia kipimo baada ya saa 12 hadi 24, na gari liwe tayari.

Dhana: Chanjo za wiki ya mwisho zinatosha.

Cheti cha homa ya manjano huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano, na chanjo yenyewe kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi 9. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayesafiri huweza kupewa chanjo ya surua mapema, lakini dozi hiyo haihesabiwi katika ratiba yake ya kawaida. Inayosahaulika ni ya kichaa cha mbwa. Watoto huchezea mbwa wa kambini, na huenda wasiseme wameparuzwa. Aliyechanjwa kabla (dozi mbili, siku ya 0 na ya 7) akiumwa na mbwa atahitaji dozi mbili zaidi na hatahitaji imunoglobulini (kingamwili zilizo tayari), ambayo katika maeneo mengi ya mbali haipatikani. Awe amechanjwa au hajachanjwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Mwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya safari.

Nyoka akimuuma mtoto, wengi hudhani apewe nusu ya dawa ya kuzuia sumu. Hapana. Nyoka hakupunguza sumu kwa kuwa mtoto ni mdogo. Dozi ni ile ile ya mtu mzima. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Kiungo kitulizwe kwa gango, mtoto abebwe.

Dhana: Vifaa vya utafiti havimhusu mtoto.

Hapa ndipo kambi hutofautiana na nyumba nyingine yoyote. Vinasa joto na vipimo vidogo vya kidijitali huwa na betri bapa mfano wa sarafu, na baadhi ya vinasa hivyo vyenyewe ni saizi ya kitufe. Betri ya aina hiyo ikikwama kooni huunguza umio ndani ya saa mbili. Mtoto aliyeimeza, kama amepita mwaka mmoja, apewe asali mililita 10 kila dakika 10, isizidi mara sita, mkiwa tayari njiani kwenda hospitali. Wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Etorfini, dawa ya kulaza wanyama wakubwa, huua mtu kwa kiasi kidogo sana: ikae kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, mbali na nyumba ya familia, na naloksoni, dawa ya kuondoa athari zake, iwepo kambini. Ethanoli ya sampuli isihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja. Friji ya kinyesi na damu ya wanyama isihifadhi maziwa ya mtoto.

Dhana: Mtoto hawezi kuwadhuru wanyama.

Anaweza, kwa mafua tu. Mwaka 2013 virusi vya mafua ya kawaida vya kundi C (rinovirusi C), ambavyo kwa binadamu huwasumbua hasa watoto, viliua sokwe mtu 5 kati ya 56 wa jamii ya Kanyawara, katika msitu wa Kibale, Uganda. Kwa sababu ya hatari ya aina hii, Rwanda na Uganda haziruhusu mtalii wa chini ya miaka 15 kuwaendea gorila. Kwa mtafiti wa nyani wakubwa maana yake ni hii: mtoto akianza kukohoa, mzazi naye hukaa nje ya msitu hadi dalili ziishe.

Karatasi nazo zina dhana yake, kwamba kibali cha utafiti kinafunika familia nzima. Kwa kawaida hakifuniki. Wategemezi huombewa viza yao, vyeti vya kuzaliwa vikiwa vimethibitishwa kwa apostili (muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati) pale nchi zote mbili zinapoitambua, pamoja na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri. Bima ya chuo nayo huweza kumkinga mwajiriwa peke yake. Soma kifungu cha kusafirishwa kwa dharura, uone kama mtoto ametajwa.

Dhana: Wazazi wawili watapokezana na kazi itakwenda kama kawaida.

Kumfuata sokwe kutoka kiota hadi kiota ni takriban saa 12. Anayebaki kambini na mtoto wa miaka miwili hachambui data, analea. Panga kazi ya kukusanya sampuli kama ya mtu mmoja, na mshahara wa yaya uwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na kurudi nyumbani si mwisho. Malaria huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo kila daktari atajiwe mlikokaa. Mtoto aliyeoga mtoni katika eneo la kichocho apimwe wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kugusa maji hayo, hata kama anacheza vizuri.