Nyumba ya Karen Blixen haikuwa ya Karen Blixen peke yake

Watu wengi hudhani Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, ndiye aliyeijenga nyumba ile mashuhuri ya mtaa wa Karen, Nairobi. Hapana. Iliinuliwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, kabla Blixen hajakanyaga Kenya. Yeye na mumewe Bror walihamia humo mwaka 1917, wakitoka Mbagathi, nyumba yao ya kwanza. Na ni Mbagathi iliyoigizwa kama nyumba yake katika filamu maarufu ya 1985, Out of Africa.

Wala si kasri. Ni bangalo ya ghorofa moja: kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae, veranda ya kujikinga na jua kali. Jiko limejengwa mbali nyuma ya nyumba, ili moshi na hatari ya moto visiwafikie waliolala.

Ni jikoni humo ndipo dhana inayoniuma zaidi inapovunjika, ile ya kwamba hapa aliishi mwanamke mmoja na mpenzi wake Denys Finch Hatton. Kamante Gatura, Mkikuyu aliyefika akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, alitibiwa akapona, kisha akawa mpishi ambaye wageni walimsifu. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyeshika funguo, fedha na mambo yote ya nyumbani. Bila hao wawili meza ile ya chumba cha kulia isingeandaliwa hata siku moja.

Wengine husema nyumba imekuwa makumbusho tangu Blixen aondoke mwaka 1931. Sivyo. Denmark iliinunua na kuizawadia Kenya baada ya uhuru, ikatumika kama chuo, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986.

Kuna na wanaoamini kuwa shamba la kahawa la Blixen, lililoizunguka nyumba, lilikuwa pori tupu. Si kweli. Katika ekari 6,000, kahawa ilichukua 600 hivi, nayo ilisumbuliwa na baridi ya mwinuko wa karibu mita 1,800. Kwingineko ziliishi familia za Wakikuyu, zikilipa haki ya kukaa kwa siku 180 za kazi kila mwaka, katika nchi iliyokuwa yao. Shamba lilipouzwa na kukatwa viwanja, familia hizo zilitakiwa kuondoka. Blixen aliwaombea serikalini wasitawanywe, wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti, wakahama na ng'ombe wao.