Je, wajua umri wa trekta kuukuu husomwaje kwenye chuma chake?

Trekta la shambani huishi maisha marefu kuliko gari, na mara nyingi huishi maisha marefu kuliko karatasi zake. Linaweza kulima nusu karne, likauzwa kutoka shamba kubwa kwenda kwa mkulima mmoja, kutoka kwake kwenda kwa mwingine, na mwisho likabaki kijijini bila mtu yeyote anayejua lilitoka kiwandani mwaka gani. Hata hivyo mwaka huo haujapotea. Umeandikwa mwilini mwa trekta mahali kadhaa: kwenye bati la namba, kwenye namba ya injini, kwenye alama zilizosubiwa (yaani zilizotokea kalibuni chuma kilipomiminwa) pamoja na chuma chenyewe, na katika umbo na rangi yake. Anayetaka kuujua hana budi kuzisoma alama hizo zote na kuzilinganisha, kwa sababu katika miaka mingi ya matengenezo karibu kila kipande kinaweza kuwa kimebadilishwa.

Wengi huanza na kadi ya usajili, nao hawakosei kuanza hapo, lakini hawapaswi kuishia hapo. Tarehe ya kusajiliwa ni siku ambayo serikali ilianza kulitambua trekta, si lazima iwe karibu na siku lilipozaliwa, hasa kwa mashine iliyoingizwa nchini ikiwa imekwisha kutumika. Jambo hili si geni kwetu. Mpango wa Karanga, mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika, ulipoanza Kongwa mwaka 1947, mashine nyingi zilizoletwa kufyeka pori zilikuwa masalia ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyingine, zilizoitwa Shervick, ziliundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mtu ambaye angehesabu umri wa mashine hizo kuanzia siku zilipofika Tanganyika angekuwa amekosea tangu mwanzo.

Njia iliyo bora ni kuanza na umbo, kisha kushuka kwenye namba. Umbo hukupa kipindi cha miaka, na namba hukipunguza kipindi hicho. Nitatumia ukoo wa Ferguson kama mfano, kwa kuwa ndio uliozaa matrekta ya Massey Ferguson ambayo mafundi wetu wameyazoea kuliko mengine.

Trekta dogo la kijivu la Ferguson TE20 lilitengenezwa katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya matrekta laki tano ya aina hiyo yalitoka hapo. Namba zake zilipanda mfululizo bila kurudi nyuma mwaka mpya ulipoingia, kwa hiyo namba ndogo ni trekta la zamani zaidi, na orodha za namba ya kwanza ya kila mwaka zipo na zinaaminika. Herufi zinazotangulia namba nazo zina habari yake. TE lilikuwa trekta la Uingereza na TO lilitoka Detroit, Marekani. TED liliendeshwa kwa mafuta mazito yanayokaribiana na mafuta ya taa, na TEF lilikuwa la dizeli. Kwa vile dizeli ilianza kufungwa mwaka 1951, trekta lenye herufi TEF haliwezi kuwa la mwaka 1948, hata kama mwenye nalo anaapa kwamba babu yake alilinunua mwaka huo.

Mwaka 1956 ulikuja mfano wa 35, ukiwa na mwili wa kijivu na injini iliyopakwa rangi ya dhahabu. Kampuni za Massey-Harris na Ferguson zilikuwa zimeungana mwaka 1953, na kufikia mwisho wa mwaka 1957 jina jipya la Massey Ferguson lilikuja na rangi nyekundu kwa boneti na madigadi, kijivu kwa injini na gia boksi. Kwa hiyo 35 ambalo chini ya tabaka zote za rangi linaonyesha dhahabu kwenye bloku ni la mwanzoni kabisa. Kwangu mimi rangi ni ushahidi dhaifu zaidi ya zote, kwa maana brashi haina mwaka. Lakini rangi ya chini, ile inayojificha nyuma ya bati la dashibodi au chini ya tangi la mafuta ambako mpakaji hafiki kwa urahisi, inastahili kuaminiwa.

Ndani ya mfano huo huo wa 35 kuna alama nyingine ambayo haihitaji hata miwani. Hesabu nozeli, vipulizio vya dizeli, kwani kila silinda ina nozeli moja. Matrekta ya dizeli ya mwanzo yalifungwa injini ya Standard yenye silinda nne, ambayo ilijulikana kwa ugumu wa kuwaka asubuhi ya baridi. Mwaka 1959 Massey Ferguson iliinunua kampuni ya Perkins ya Peterborough, na injini ya Perkins ya silinda tatu ikachukua nafasi ile. Nozeli nne humaanisha kabla ya mabadiliko hayo, na nozeli tatu humaanisha baada yake, mradi injini ni ile ile liliyozaliwa nayo. Mwishoni mwa mwaka 1964 mfano wa 135 uliingia na boneti yenye pembe zilizonyooka, na hapo mviringo wa zamani ukakoma katika matrekta ya Coventry.

Kuanzia mwaka 1974 injini za Perkins zinasomeka kwa urahisi zaidi, na ninasikitika kwamba elimu hii haijaenea miongoni mwa wanunuzi, ingawa ingewaokoa wengi na hasara ya kuagiza pampu na ringi zisizoingia. Namba imepigwa kwenye bloku, nayo huanza na herufi mbili zinazotaja aina ya injini: CE ni ile ya silinda tatu inayoitwa 3.152, na LD ni ya silinda nne inayoitwa 4.236. Hufuata tarakimu za orodha ya vipuri, kisha herufi ya nchi, ambapo U ni Uingereza, kisha namba ya mfululizo, na mwisho kabisa herufi moja ya mwaka. A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976, na kadhalika hadi H ambayo ni 1981. Herufi I inarukwa ili isichanganywe na tarakimu moja, kwa hiyo J ni 1982, K ni 1983, L ni 1984, M ni 1985 na N ni 1986. O nayo inarukwa, ndipo P ikawa 1987. Futa grisi kwa kitambaa chenye dizeli na brashi laini. Usitumie grainda wala patasi, kwa sababu namba iliyosuguliwa hairudi, na nimeona injini njema zilizopoteza utambulisho wake milele kwa haraka ya dakika mbili.

Ford walikwenda mbali zaidi, maana wao waliandika mpaka siku. Kwenye matrekta ya buluu yaliyotoka kiwanda cha Basildon, Uingereza, kuanzia miaka ya 1960, kama vile Ford 3000 na Ford 5000, kuna sehemu bapa kwenye hausi ya klachi, karibu na stata, ilipopigwa namba ya mfano, namba ya mfululizo na alama ya tarehe. Chukua alama 5C14B. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, herufi inayofuata ni mwezi, tarakimu mbili ni siku, na herufi ya mwisho ni zamu ya wafanyakazi. C ni mwezi wa tatu, basi trekta hilo liliungwa tarehe 14 Machi. Herufi inayoanza namba ya mfululizo hutaja kiwanda: B kwa Basildon, A kwa Antwerp nchini Ubelgiji, C kwa Highland Park nchini Marekani.

Tatizo ni kwamba tarakimu 5 inaweza kuwa 1965 au 1975, na hapa ndipo chuma cha kusubu kinapotoa msaada ambao hakuna karatasi inayoweza kuutoa. Vipande vikubwa vya Ford vina namba ya kipuri iliyojitokeza juu ya chuma, ikianza na herufi ya muongo: C kwa miaka ya 1960, D kwa miaka ya 1970, E kwa miaka ya 1980. Tarakimu inayofuata ni mwaka ndani ya muongo huo, hivyo C5 ni 1965 na D8 ni 1978. Ni lazima kukumbuka kwamba huo ni mwaka kipande kilipobuniwa, na kipande kilichobuniwa mwaka 1965 kiliweza kuendelea kusubiwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo namba ya C5 haithibitishi kwamba trekta ni la 1965, bali namba ya D iliyo kwenye hausi ya asili inathibitisha kwamba si la 1965. Kanuni hiyo inafaa kwa kila trekta: haliwezi kuwa kongwe kuliko kipande kipya zaidi kati ya vile lilivyofungwa kiwandani.

Matairi, alteneta, taa na mita ya saa za kazi tuviache. Hivi vyote hubadilishwa, na waya wa mita ukikatika, saa husimama huku trekta likiendelea kulima.

Ugumu wa kweli hutokea umbo linapoishi kuliko kiwanda kilicholizaa. Kampuni ya IMT ya Beograd, Yugoslavia, ilitengeneza kwa leseni matrekta ya ukoo wa Massey Ferguson 35 kwa miaka mingi. India, Uturuki na Pakistan nazo zilijenga ndugu zake, na Pakistan imeendelea kuunda mfano wa 240 muda mrefu baada ya Coventry kuuacha. Tuseme basi umesimama mbele ya 135 jekundu lisilo na bati, na namba ya injini yake inaishia na K. Injini hiyo ni ya 1983, wakati ambapo Coventry ilikuwa imekwisha kuacha kuunda 135. Yapo maelezo mawili tu yanayokubalika: ama injini ilibadilishwa, ama trekta liliungwa nchi nyingine. Tazama herufi ya nchi kwenye namba ya injini, kisha tafuta alama na maandishi kwenye hausi ya gia na ya difu, ambazo ni nadra kubadilishwa kwa sababu ya uzito na gharama. Zikiwa za Uingereza, andika kwenye daftari lako kwamba mwili ni wa kati ya 1964 na mwisho wa miaka ya 1970 na injini ni ya 1983, kisha agiza spea za injini kwa namba ya injini, na za gia kwa namba iliyo kwenye hausi ya gia.