Kijiji kina wenyewe: yanayosemwa kijiweni na yaliyomo kwenye sheria

Habari za kijiji zina njia zake. Mpiga mbiu hupita jioni, tangazo husomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, karatasi hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, na siku hizi picha ya karatasi hiyo inarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mpaka ifike kijiweni, "halmashauri imejadili ombi la mwekezaji" imeshageuka "mwenyekiti ameuza msitu". Kuna siku kijiwe kinakuwa sahihi kuliko karatasi, tusidanganyane. Lakini mengi yanayosemwa pale kuhusu serikali ya kijiji hayamo kwenye sheria, na anayefaidika na hali hiyo si mwanakijiji wa kawaida.

Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara, yenye vijiji zaidi ya 12,000. Zanzibar wana shehia na masheha, nao utaratibu wao ni mwingine.

"Kijiji ni cha mwenyekiti, sisi tunaitwa kusikiliza"

Hii ndiyo mama wa dhana zote zinazofuata. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema mamlaka ya juu kabisa kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18: bibi muuza maandazi, kijana wa bodaboda, mwalimu aliyehamia na akawa mkazi, wote. Chini yake ipo Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji, yaani sehemu zinazounda kijiji, na wanawake wasiopungua robo. Mwenyekiti anaongoza vikao vya hiyo halmashauri, na ana kura yake kama wenzake.

Mkutano mkuu unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Na kuna jambo ambalo kijiweni halisemwi kabisa: mkutano uliowaweka wajumbe wa halmashauri madarakani una uwezo wa kuwaondoa, mmoja mmoja au wote kwa pamoja, bila kungoja miaka mitano. Ndiyo maana kiongozi mwenye la kuficha hupenda sana mikutano iahirishwe. Wananchi wachache wakifika, anasema akidi haikutimia, watu wanarudi mashambani, na miezi mitatu inakuwa tisa.

"Mtendaji tulimchagua wenyewe, tutamtoa wenyewe"

Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya. Analipwa mshahara, anaweza kuhamishwa, na bosi wake ni mkurugenzi wa wilaya. Ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji, anayeandika muhtasari na kutunza kumbukumbu. Mwenyekiti kwa upande wake hana mshahara wa serikali. Huishia kwenye posho, pale inapopatikana. Kwa hiyo ukikasirishwa na mwenyekiti, njia yako ni mkutano mkuu. Ukikasirishwa na mtendaji, mkutano unaweza kupitisha azimio la kumkataa, lakini barua iende kwa mkurugenzi.

Na balozi wa nyumba kumi? Hapo wazee wengi wamekwama mwaka 1991. Enzi za chama kimoja balozi alikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, balozi au mjumbe wa shina ni kiongozi wa CCM. Serikali inaishia kwenye kitongoji. Balozi anaweza kuwa mtu wa hekima anayesuluhisha ugomvi wa mbuzi na mahindi, na vijiji vingi vinamhitaji kwa hilo, ila barua yake si hati ya serikali, na asiye mwanachama hawajibiki kwake kwa lolote.

"Mwenyekiti ameuza msitu"

Hapa tutakaa kidogo, maana ardhi ndiyo inayovunja vijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini, yaani kwa niaba ya wanakijiji. Haiimiliki. Na hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kutangulia. Idhini hutangulia. Kuitisha mkutano baadaye ili watu "wajulishwe" kwamba ekari fulani zimekwisha tolewa si utaratibu, hata kama umeandaliwa pilau. Tena sheria inaitaka halmashauri itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano mkuu wa kawaida na izingatie maoni ya watu.

Ardhi ya kijiji yenyewe ina mafungu matatu: ya jumuiya, kama malisho, msitu na makaburi, ya mtu mmoja mmoja, familia au kikundi, na ya akiba. Ile ya jumuiya haigawiwi mtu binafsi. Asiye raia naye hawezi kupewa hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi ya kijiji, hata akiwa na nia njema kiasi gani. Serikali ikitaka ardhi ya kijiji ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, kwa manufaa ya umma, basi hekta 250 kushuka chini, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Zikizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa waziri. Kwa vyovyote vile, haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa.

Sasa, kijiwe kitauliza: mbona basi misitu inakwenda? Malalamiko yanayorudiwa ni ya muhtasari wa kughushi. Orodha ya mahudhurio ya mkutano wa chanjo ya mifugo inabandikwa nyuma ya azimio la kugawa hekta mia, na saini zenu zote zipo. Dawa yake haina siri. Muhtasari usomwe na kuthibitishwa kwenye mkutano unaofuata, na kila karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake tarehe na ajenda kabla hujaweka saini. Ukinyimwa kuuona, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

Dhana nyingine za ardhi nitazipitia haraka. Hati ya hakimiliki ya kimila si "hati ndogo": sheria inasema ina hadhi sawa kwa kila hali na hati ya kumilikishwa inayotolewa mjini, na inaweza kuwa dhamana ya mkopo, ingawa benki nyingine bado zinaitazama kwa jicho la pembeni. Mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haina nguvu mbele ya sheria hiyo, hata ikitetewa na ukoo mzima. Na muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano hautoshi. Mauzo ya ardhi ya kijiji yanahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji kikaoni, na mahakama zimewahi kubatilisha mauzo yaliyoiruka hatua hiyo. Ile "asilimia kumi ya mwenyekiti" inayodaiwa kwa kushuhudia mauziano haipo kwenye sheria yoyote. Ni mazoea, na mazoea ya hela huwa magumu kufa.

"Asilimia kumi ni zawadi ya serikali"

Kuna asilimia kumi nyingine, hii ya halali. Kila halmashauri ya wilaya, manispaa au jiji inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Takwa hilo liliingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa mwaka 2018. Ni mkopo, unarejeshwa, ili kikundi kingine kipate. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Anayekuambia lazima uwe na kadi ya chama fulani ili upate amekudanganya.

TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nayo ina uvumi wake, kwamba mwenyekiti anaandika ndugu zake. Utaratibu ni kwamba kaya maskini zinatajwa na jamii yenyewe kwenye mkutano wa kijiji, kisha taarifa zao zinakusanywa na kuchujwa. Jina la mwenye nyumba ya bati na pikipiki mbili likipita pale mkutanoni, limepita mbele ya watu. Waliokuwepo walinyamaza, au hawakuwepo.

"Mchango wa kijiji ni kama kodi, usipotoa unachukuliwa kuku"

Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Wenye umri wanakumbuka wanaume wakilala porini kumkwepa mgambo. Mchango wa zahanati au darasa ni jambo jingine: unatokana na makubaliano ya mkutano mkuu, na wanaoukubali wanautoa. Kijiji kikitaka kumtoza mtu faini, kiwe na sheria ndogo iliyojadiliwa na wanakijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Uamuzi ulioandikwa kwenye daftari la kikao haujawa sheria ndogo. Kabla ya kulipa, omba kuiona hiyo sheria ndogo. Baada ya kulipa, dai stakabadhi.

Kisha fedha hizo zisomwe. Taarifa ya mapato na matumizi ni ajenda ya kila robo mwaka, na inapaswa kubandikwa mahali pa wazi. Hapa naona tunalaumu viongozi peke yao bila haki. Taarifa ikisomwa mwisho, saa kumi na mbili jioni, wamebaki watu kumi na tano na watoto, wote wanasema "imepita" ili waende. Mkutano unaweza kuamua taarifa hiyo iwe ajenda ya mwanzo.

"Kesi ya shamba inaishia baraza la kata"

Ilikuwa hivyo zamani kwa mashauri madogo. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba na kati yao wanawake watatu, limekuwa la usuluhishi siku zote. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata nalo linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, shauri linaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado wapo watu wanaoshikilia "hukumu" ya kata ya mwaka 2023 na kung'oa migomba ya jirani.

"Nina kadi ya mpiga kura, nitachagua mwenyekiti"

Kadi ile ni ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa serikali za mitaa husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia serikali za mitaa, na una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa upya kitongoji kwa kitongoji. Mwaka 2024 uandikishaji ulianza Oktoba 11 na kufungwa Oktoba 20, kura zikapigwa Novemba 27. Ambaye jina lake halikuandikwa katika siku hizo kumi hakupiga kura, kadi yake ikiwa mkononi.