Fomu Ikikataa Anwani Yako ya Barua Pepe, Usiichonge

Tangu tuanze zoezi la kuwataka watumiaji wa huduma zetu wathibitishe upya anwani zao za barua pepe, dawati letu la malalamiko limepokea lawama nyingi zinazofanana. Mtu ana anwani aliyoitumia kwa miaka, barua zinaingia na kutoka bila tatizo, lakini akiijaza kwenye fomu ya tovuti fulani anajibiwa kwa maandishi mekundu: "Anwani si sahihi." Baadhi wanatulaumu sisi, baadhi wanamlaumu mtoa huduma wao, na baadhi wameamua kuipunguza anwani alama moja moja mpaka fomu ikakubali. Hawa wa mwisho ndio waliotufanya tuandike makala hii.

Kwa kuwa malalamiko mengi bado yanashughulikiwa, hatutataja kampuni wala taasisi yoyote iliyolalamikiwa. Mifano yote hapa inatumia kikoa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) cha example.org, ambacho kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya maelezo na mafunzo. Tafadhali msiziandikie anwani hizo mkitarajia kujibiwa. Tunasema hivi kwa sababu kuna wanaofanya hivyo.

Nani mwenye kauli juu ya anwani

Sehemu iliyo mbele ya alama ya @ inatawaliwa na seva, yaani kompyuta inayopokea barua za kikoa husika, basi. Waraka wa kiwango unaoongoza usafirishaji wa barua pepe, RFC 5321 wa mwaka 2008, unaeleza wazi kwamba ni seva hiyo pekee inayoruhusiwa kuipa sehemu hiyo maana. Tovuti ya duka, programu ya simu au fomu ya ofisi haina mamlaka ya kusema jina la sanduku lako limekosewa. Inaweza kukagua kama kuna alama ya @ na kama kikoa kipo. Zaidi ya hapo inakisia.

Na kiwango chenyewe ni kipana kuliko watu wanavyodhani. Mbali na herufi na tarakimu, sehemu ya mbele inaruhusu nukta (isiwe mwanzoni wala mwishoni, wala mbili zisifuatane), kistari, kistari cha chini, alama ya kujumlisha, ritifaa ('), mkwaju (/), alama ya dola, ya asilimia, ya mshangao na nyingine kadhaa. Inaweza kufika urefu wa alama 64, na anwani nzima 254. Hata nafasi inaruhusiwa, mradi sehemu yote ya mbele ifungwe kwa alama za kunukuu: "asha juma"@example.org ni anwani halali. Hatukushauri uitumie. Kiwango hichohicho kinawashauri wenye seva wasigawe anwani za namna hiyo, na anayeichagua kwa makusudi anatafuta ugomvi na kila fomu atakayokutana nayo.

Mbona basi fomu zinakataa? Kwa sababu wasanidi wengi, yaani waandishi wa programu, huchukua kanuni fupi ya ukaguzi iliyoandikwa zamani na kuibandika kwenye kazi yao bila kuisoma. Kanuni hizo kwa kawaida zinajua herufi, tarakimu, nukta na kistari tu, na zinataka anwani iishie kwa herufi mbili hadi nne. Zilitungwa wakati vikoa vikuu (vipande vya mwisho vya anwani) vilivyozoeleka vilikuwa .com, .org, .net na vile vya nchi vyenye herufi mbili. Hata wakati huo .museum, iliyoidhinishwa mwaka 2000, ilikuwa imeshazivunja. Kuanzia mwaka 2013, ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, iliruhusu zaidi ya vikoa vikuu vipya 1,000, vikiwemo .photography na .international, na bado kuna fomu zinazomwambia mwenye anwani hizo kwamba amekosea kuandika. Aliyekosea ni msanidi.

Alama ya kujumlisha

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko, nasi tutaikalia kidogo. Watoa huduma wengi wanakuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako. Asha mwenye asha@example.org anaweza kuipa tovuti moja asha+risiti@example.org na nyingine asha+safari@example.org, barua zote zinaingia kwenye sanduku lake lilelile, na akiona barua taka inayokuja kupitia "safari" anajua nani aliyeivujisha anwani yake. Ni utaratibu mzuri, wala si ujanja wa matapeli. Kuna tovuti zinazoikataa alama hii kwa makusudi zikiogopa mtu mmoja atafungua akaunti nyingi. Uamuzi huo ni wao, lakini waseme hivyo badala ya kudai kwamba anwani ni batili.

Tatizo kubwa huja baada ya kukubaliwa. Tovuti inakusajili na alama yako ya kujumlisha, kisha programu yake ya simu, iliyoandikwa na timu nyingine, inagoma kukuingiza kwa anwani hiyohiyo. Au unabofya kiungo cha kujiondoa kwenye orodha ya matangazo na unaambiwa "anwani haipo", halafu matangazo yanaendelea kumiminika. Sababu ni ya kiufundi lakini haina siri yoyote: data ya fomu inaposafiri ndani ya kiungo cha wavuti, alama ya kujumlisha inasimama badala ya nafasi. Anayetaka kupitisha alama ya kujumlisha yenyewe sharti aiandike kama %2B. Asipofanya hivyo, mfumo unamtafuta mtu anayeitwa "asha risiti", naye hayupo. Ukikutana na hali hii, angalia kiungo kwenye upau wa kivinjari. Ukiona alama ya kujumlisha ndani ya anwani yako, ifute, andika %2B mahali pake, kisha ubonyeze kitufe cha kuingia. Mara nyingi inatosha. Ikishindikana, tutumie kiungo chenyewe, tukiona kosa tulilozoea kuliona tutajua pa kuanzia.

Ritifaa

Wenye majina ya Ng' wanaijua adha hii vizuri. Anwani kama ng'wandu@example.org ni halali kabisa, lakini ndani ya hifadhidata nyingi ritifaa hutumika kufungua na kufunga maandishi, na msanidi asiyejiamini huikataa ili isimvurugie amri zake au kumfungulia mvamizi mlango. Dawa ya hofu hiyo inajulikana: data ipelekwe kwenye hifadhidata ikiwa imetengwa na amri. Kumkataza mtu kutumia jina lake si dawa. Wengine huikubali ritifaa na kuiongezea mkwaju wa nyuma mbele yake, au kuigeuza kuwa ' kisha wakaihifadhi hivyo, na barua zinatumwa kwenye sanduku ambalo halijawahi kuwepo.

Lakini hapa kuna upande wa mtumiaji pia. Simu nyingi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda ili maandishi yapendeze. Kwa macho zinafanana. Kwa seva ni alama mbili tofauti, na iliyopinda haimo katika herufi za ASCII (orodha ya msingi ya herufi za Kilatini, tarakimu na alama) ambazo barua pepe ya kawaida inazifahamu. Mtu anaapa kwamba ameandika jina lake sahihi, na kwa kweli ameandika sahihi, simu ndiyo iliyomgeuka. Zima mpangilio unaopinda alama za kunukuu kwenye simu yako, au gandamiza kitufe cha ritifaa hadi chaguo la iliyonyooka litokee.

Mambo ambayo tungependa yasirudi tena kwenye dawati

Anwani ya barua pepe haianzi na www. Haijawahi. Fomu inayoomba anwani yako ya barua pepe na kukutaka utunge nenosiri haikuombi nenosiri la barua pepe yako, tunga jipya. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kabisa katika kikoa, na katika sehemu ya mbele, ingawa kiwango kinairuhusu seva kuzitofautisha, kinawasihi wenye seva wasifanye hivyo. Kwa hiyo "Asha" badala ya "asha" karibu kila mara si chanzo cha shida yako. Nafasi iliyoponyoka mwishoni uliponakili na kubandika ndiyo chanzo. Ifute kabla ya kutuandikia. Na anwani iliyochapishwa kwenye karatasi ikiwa imepigiwa mstari chini inaweza kukificha kistari cha chini, muulize mwenyewe.

Kuhusu nukta, wengi wamesikia kwamba hazihesabiwi. Hilo ni kweli kwa Gmail: asha.juma na ashajuma hapo ni sanduku moja. Kwa watoa huduma wengi wengine ni masanduku mawili, ya watu wawili.

Hilo linatuleta kwenye kuchonga. Mtu anayekataliwa akiwa na asha.juma-2@example.org huondoa kistari, fomu ikakubali, akashukuru Mungu na kuendelea na kazi. Anwani aliyoiacha kwenye mfumo si yake tena. Inaweza kuwa haina mwenyewe leo na ikapata mwenyewe kesho. Siku atakaposahau nenosiri, kiungo cha kuliweka upya kitakwenda kwa huyo asiyemjua, pamoja na taarifa za malipo na kila kilichotumwa katikati. Tunapopokea kesi ya namna hii hatuwezi kumwamuru mwenye sanduku arudishe barua, kwa sababu zimetumwa kwake kihalali. Tunachoweza ni kufunga akaunti mpaka utambulisho uthibitishwe, na hilo linachukua muda mrefu kuliko watu wanavyopenda.

Anwani zenye herufi zisizo za Kilatini zina mkasa wa peke yake. Kikoa chake kinaweza kugeuzwa kuwa maandishi yanayoanza na xn-- na kusafiri hata kwenye mifumo ya zamani. Sehemu ya mbele haina njia hiyo. Viwango vinavyoiruhusu, RFC 6530 hadi 6532, vilitoka mwaka 2012, na vinataka kila seva iliyo njiani iwe inavitambua. Moja ikikosa, ujumbe unarudishwa. Hata kivinjari, kikifuata kiwango cha kisanduku cha barua pepe kwenye fomu, kinazikataa herufi hizo mbele ya @. Mwenye anwani hiyo amwombe mtoa huduma wake anwani ya pili ya herufi za kawaida inayoingia sanduku lilelile.

Utaratibu wa kuwasilisha malalamiko

Tofautisha kwanza mambo mawili: fomu iliyokataa, na ujumbe uliorudishwa. Kwa fomu iliyokataa, tueleze ukurasa gani, tarehe na saa, kivinjari au programu uliyotumia, anwani kamili kama ulivyoiandika, na maneno ya kosa neno kwa neno. Kwa ujumbe uliorudishwa, tunahitaji ujumbe wenyewe wote, pamoja na vichwa vyake (mistari ya kiufundi inayoonyesha njia uliyopita), ukiwa umeambatishwa. Picha ya skrini hatuipokei. Vichwa havionekani kwenye picha, na kesi inarudishwa kwako ikisubiri viambatisho.

Ndani ya ujumbe huo kuna namba, nayo ndiyo tunayoitafuta. Ikianza na 4, kikwazo ni cha muda: seva inayotuma itaendelea kujaribu, na kiwango kinaitaka kwa kawaida isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5, kwa hiyo nawe usilalamike kabla ya hapo. Ikianza na 5, imeshindikana moja kwa moja. 5.1.1 maana yake sanduku halipo. 5.1.2 maana yake kikoa hakipatikani. 5.1.3 ni muundo wa anwani umekataliwa, na hapo ndipo alama zako zisizo za kawaida zinapohusika. 5.6.7 ni herufi zisizo za ASCII. 5.7.1 ni kukatazwa na sera ya mpokeaji, haihusiani na umbo la anwani yako, na kesi hiyo inakwenda dawati jingine.

Ukishapewa namba ya kumbukumbu, itumie katika kila barua inayofuata. Kufungua malalamiko mapya juu ya jambo lilelile hakuharakishi. Mfumo unayaunganisha na tarehe inayohesabiwa inakuwa ya barua yako ya mwisho, yaani unajirudisha nyuma ya foleni mwenyewe. Anayethibitisha anwani ambayo si yake, hata kwa nia njema, akaunti yake inasimamishwa mpaka athibitishe utambulisho kwa fomu ya maandishi. Akirudia, haki ya kubadilisha anwani kwa njia ya mtandao inaondolewa, na kila mabadiliko yatapita dawatini. Anwani iliyofungwa kwa sababu hii haigawiwi mtu mwingine.

Kwa wasanidi tuna ombi fupi. Kagueni kwamba kuna @ na kuna kitu kila upande wake, wekeni nafasi ya alama 254 kwenye hifadhidata, msifute wala kuongeza alama yoyote, kisha tumeni ujumbe wa uthibitisho. Mtu akiubofya, anwani inafanya kazi. Hakuna kanuni ya ukaguzi inayoweza kuwaambia zaidi ya hapo, na kanuni zinazotumika kwenye fomu, programu na kiungo cha kujiondoa ziwe zilezile.

Kabla ya kuja kwetu, unaweza pia kumwandikia mwenye tovuti kupitia postmaster@ ikifuatiwa na kikoa chake. Kiwango kinakitaka kila kikoa kinachopokea barua kiikubali anwani hiyo. Wasipojibu, ambatisha nakala ya barua uliyowatumia. Ikirudishwa na 5.1.1, iambatishe pia, maana hapo wamekiuka kiwango wenyewe na kesi yako inapanda ngazi bila kusubiri zamu.