sda sio jina la diski yako: dhana potofu kuhusu vifaa kwenye Linux na ndugu zake wa Unix

Vijana wanaojifunza Linux hapa Mbeya, wa chuo cha MUST na hawa mafundi wa Mwanjelwa, kuna vitu wanarithishana mdomo kwa mdomo kuhusu ile folda ya /dev, ambako Linux inaweka majina ya vifaa kama diski, na vingine ni uongo mtupu. Kimoja kati ya hivyo kinamaliza data za watu kabisa.

Dhana: ndani ya /dev/sda ndo kuna diski yenyewe, au draiva yake.

Hamna kitu mle. Andika ls -l /dev/sda uone, mstari unaanza na herufi b, na pale ambapo faili la kawaida huonyesha ukubwa wake wewe unaona 8, 0. Hizo namba mbili ndo mchezo wote. 8 inaiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwamba mwenye kazi hii ni draiva ya diski za sd, 0 inaiambia hiyo draiva ni kifaa kipi, hivyo sda1 inakuwa 8, 1 na sdb inaruka mpaka 8, 16 kwa sababu kila diski imetengewa namba 16, moja ya diski nzima na 15 za partisheni, yaani vipande vya diski. Jina lenyewe ni kibandiko tu, ukiwa rooti, yaani msimamizi mkuu wa mashine, unaweza kutumia komandi ya mknod ukatengeneza /dev/ugali, ukaipa namba zilezile na itafungua diski ileile bila shida. Kwa hiyo mtu akipiga rm /dev/sda hajafuta data yoyote, kabandua jina, akiwasha upya kerneli inalirudisha. Kuandika juu yake kwa dd, komandi inayomwaga data moja kwa moja kwenye diski, ndo habari nyingine, hapo umelia.

Dhana: sda ni diski ya mfumo, sdb ni flashi.

Hii ndo inayoua. Herufi zinagawiwa kwa kufuata nani kaonekana kwanza na kerneli, basi. Wazee wa enzi za IDE, ule mfumo wa zamani wa kuunganisha diski, wana sababu ya kuamini hivyo maana hda ilikuwa lazima iwe diski kuu ya waya wa kwanza, jina lilifungwa na nafasi. sd ilianzia kwenye diski za SCSI, siku hizi SATA na USB zote zinapitia mlango huohuo ndo maana zote zinaitwa sd, ila NVMe, zile SSD za kisasa, ina lake, nvme0n1, na memori kadi mara nyingi ni mmcblk0. Sasa chukua fundi wa pale Kabwe, kachomeka hadidiski ya mteja na flashi ya kuwekea Ubuntu, flashi ni sdb, umeme ukakatika kama kawaida yetu mvua zikianza, ukarudi, kawasha mashine, anaandika tena ileile komandi ya dd yenye of=/dev/sdb, anapiga enta. Safari hii sdb ni hadidiski ya mteja, na dd haiulizi una uhakika au la. Dawa ni kupiga lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL kila mara kabla ya kugusa kitu, au tumia majina ya /dev/disk/by-id ambayo yamebeba modeli na namba ya diski yenyewe. Kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, weka UUID, yaani namba ya kipekee, lakini ujue UUID ya pale ni ya faili sistimu na sio ya chuma, ukifomati inabadilika, na ukinakili diski nzima kwa dd utakuwa na mbili zenye UUID moja na hapo mkanganyiko unaanza upya.

Dhana: Unix zote zinaita hivihivi.

Wapi. FreeBSD diski ya SATA ni ada0 na ya USB ni da0, Mac inaita disk0, Solaris wao c0t0d0s0, yaani kontrola, tageti, diski na slaisi, refu lakini angalau linakuambia chuma kimekaa wapi.

Dhana: kila kifaa ni faili.

Karibu kila kifaa. Kadi ya netiweki kwenye Linux huikuti /dev hata utafute mpaka usiku, inaonekana kwa ip link, na ile enp3s0 inayowachanganya watu maana yake ipo basi ya PCI namba 3, sloti 0. FreeBSD inaita kwa jina la draiva, re0 ni Realtek.

Dhana: Arduino, ule ubao mdogo wa kuprogramu, ikikataa kuunganika, chmod 666 /dev/ttyACM0 imeisha hiyo.

Itafanya kazi mpaka uchomoe kebo. Ukichomeka tena jina linatengenezwa upya na udev, programu inayosimamia majina ya /dev, inarudisha ruhusa zake za mwanzo. Kwenye Debian na Ubuntu piga sudo usermod -aG dialout $USER, inayokuingiza kwenye kundi lenye ruhusa ya kifaa hicho, toka kwenye akaunti uingie tena, usiguse chmod.