Mazingira ya uvimbe: bakteria na seli za kinga katika saratani ya umio

Mgonjwa anayefika hospitali ya rufaa hapa Dodoma akieleza kwamba ugali unamkwama kifuani, na kwamba kwa miezi miwili sasa anaishi kwa uji na mlenda mwepesi, kwa kawaida huelekezwa kwenye kipimo cha kamera. Daktari hupitisha mpira mwembamba kooni hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula yenye urefu wa takriban sentimita 25 inayotoka koo hadi tumbo, na akiona uvimbe hunyofoa vinyama kadhaa vya kupelekwa maabara. Kinyama kimoja hakizidi punje ya mtama. Hata hivyo, mtaalamu anayekitazama kwa darubini haoni seli za saratani peke yake, bali huona pia nyuzi, mishipa midogo ya damu na seli za kinga zilizojipenyeza katikati yake; na kinyama hicho kikipimwa vinasaba, mara nyingi hukutwa pia alama za bakteria ambao makazi yao ya kawaida ni kinywani. Mkusanyiko huo wote, pamoja na kemikali ambazo wakazi wake hurushiana, ndio unaoitwa mazingira ya uvimbe.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget, akieleza namna saratani ya matiti inavyosambaa mwilini, alifananisha seli za saratani na mbegu ambazo haziwezi kuota mpaka ziangukie udongo unaozifaa. Mkulima wa uwele wa Bahi au Chamwino hahitaji kufafanuliwa mfano huo, ingawa una upungufu mmoja: mbegu ya uwele haibadilishi udongo wa shamba ili uifae, ilhali uvimbe hufanya hivyo kila siku, na bakteria ni miongoni mwa wanaousaidia.

Saratani ya umio ina aina kuu mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Moja huanzia kwenye seli bapa zinazofunika ukuta wa ndani wa umio, na ndiyo inayotawala katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Nyingine huanzia kwenye seli za tezi, zaidi sehemu ya chini karibu na tumbo, kwa watu waliosumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi, na ni ya kawaida zaidi katika nchi za Magharibi. Habari nyingi za bakteria wa kinywani zinahusu aina ya kwanza.

Umio wa mtu mwenye afya hauko tupu. Una bakteria wake, wengi wakiwa wa jamii ya Streptococcus, na kila tunapomeza mate tunauongezea wengine. Wanaotiliwa shaka ni wale wanaostawi kwenye ukoga na fizi zinazotoka damu. Mwaka 2016 watafiti wa China waliripoti kwamba walimkuta Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa wa fizi, katika asilimia 61 ya vinyama vya saratani ya seli bapa na asilimia 12 ya nyama iliyo jirani na uvimbe, huku wakimkosa kabisa kwenye umio wa watu wasio na ugonjwa. Mwaka huohuo watafiti wa Japani walipima saratani za umio 325 zilizoondolewa kwa upasuaji, wakakuta Fusobacterium nucleatum, naye mkazi wa kinywani, katika 74 kati ya hizo. Wagonjwa waliokuwa naye waliishi muda mfupi zaidi.

Hapa ndipo seli za kinga zinapoingia, na kwa maoni yangu ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba saratani hushinda pale askari wa mwili wanapokosekana. Katika uvimbe wa umio askari hao wapo, wakati mwingine kwa wingi, lakini wamefungwa mikono. Seli T za kuua, askari wa kinga ambao kazi yao ni kuua seli zilizoharibika, zina kipokezi kinachoitwa PD-1, ambacho hufanya kazi kama breki. Seli ya saratani hujivika protini ya PD-L1, ambayo ikigusana na kipokezi hicho, seli T huacha kushambulia. Breki hiyo si hitilafu ya mwili, kwani bila yake kinga ingeushambulia mwili wenyewe. Uvimbe huitumia tu kwa faida yake. Katika majaribio ya maabara, Porphyromonas gingivalis ameonekana kuziongezea seli za kinywani PD-L1. Fusobacterium yeye ana njia yake: mwaka 2015 watafiti wa Israel walionyesha kwamba protini yake iitwayo Fap2 hushika breki nyingine, TIGIT, iliyopo kwenye seli T na kwenye zile seli uaji asilia ambazo maabara huziita NK, hata zikashindwa kuiua seli ya saratani iliyo mbele yake.

Wapo pia askari wanaobadili upande. Makrofeji, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu, zikikaa ndani ya uvimbe huanza kufanya kazi ya kuponya kidonda: hutuliza mapambano na kuhimiza mishipa mipya ya damu, ambayo matokeo yake ni kuulisha uvimbe. Zipo vilevile seli T za kudhibiti, ambazo kwa kawaida huzuia kinga isipitilize. Watanzania wengi walilisikia neno CD4 kwa mara ya kwanza katika elimu ya Ukimwi, wakajifunza kwamba CD4 nyingi ni habari njema. Ndani ya uvimbe hesabu hiyo pekee haitoshi, kwa kuwa seli hizo za kudhibiti nazo ni za kundi la CD4, na zikijaa huwazuia wauaji.

Haya yote hayamaanishi kwamba saratani ya umio huambukizwa kwa mate, wala kwamba aliyesoma habari hizi aende duka la dawa kununua amoksisilini. Bakteria kukutwa ndani ya uvimbe hakuthibitishi kwamba ndiye aliyeuanzisha, maana uvimbe unaoziba njia hukusanya mabaki ya chakula, na penye mabaki vijidudu hujaa. Kwa ile saratani ya umio inayoanzia kwenye seli za tezi, Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ameonekana mara nyingi kuambatana na hatari iliyo ndogo, pengine kwa sababu hupunguza tindikali inayopanda juu, ingawa bakteria huyohuyo husababisha saratani ya tumbo.

Kinachowapa bakteria nafasi ni ukuta uliojeruhiwa. Chai inayomiminwa kutoka kwenye chupa na kunywewa ikiwa bado inatoa mvuke huunguza ukuta huo tena na tena, na tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka vinywaji vya zaidi ya nyuzijoto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Pombe ina njia mbili, kwani mbali na ini, bakteria wa kinywani nao huigeuza kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Utafiti uliofanyika Eldoret, Kenya, ulihusisha ugonjwa huu na meno yaliyooza au kung'oka, na pia na meno yenye madoa ya floridi, madoa ambayo watu wa Singida wanayafahamu vizuri kutokana na maji yao ya visima, japo uhusiano huo si uthibitisho wa chanzo.

Dawa zinazoachia breki ya PD-1 sasa hutumika katika saratani ya umio. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha mojawapo, nivolumab, itolewe baada ya upasuaji kwa wagonjwa waliobakiwa na ugonjwa, ingawa bei yake bado ni kikwazo kikubwa kwa familia ya kawaida. Kabla ya kuanza baadhi ya dawa hizo, maabara hukirudia kile kinyama cha ukubwa wa punje na kuhesabu PD-L1, na katika hesabu inayotumika sana huhesabiwa seli za saratani zenye protini hiyo, kisha huongezwa limfosaiti (kundi la seli za kinga ambamo seli T zimo) na makrofeji zilizo nayo, na jumla yake hulinganishwa na idadi ya seli zote hai za saratani zilizomo.